Masale ya Kiwanja cha Rau

Kama kuna kitu kinanichefua duniani ni kuambiwa "njoo wiki ijayo." Mimi ni fundi cherehani, nikikwambia Ijumaa ni Ijumaa, hata kama nitashona huku nasinzia. Sasa nitafute kibali cha kujenga nyumba, jamani, nilikonda! Mara ramani imekosa saini, mara barua ya mtendaji wa mtaa haina muhuri, mara anayepitisha mafaili yuko kwenye semina. Nikitoka ofisini pale hata salamu sitaki.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama. Aliishi peke yake kule Uru, kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloachiwa na baba, katikati ya migomba na kahawa, na njia ya kufika kwake ni mteremko mtupu. Magoti yalikuwa yamemwisha. Mvua ikianza kunyesha, mimi niko dukani kwangu Njoro, roho juu: leo ataanguka. Ndiyo maana nilipopata kiwanja Rau, mahali tambarare, nilimwambia mchoraji aanze na chumba chake. Choo humo humo, mlango usio na ngazi, dirisha liutazame mlima. Mchoraji akaniuliza kama aandike "chumba cha wageni." Nikamwambia, wageni gani? Andika Chumba cha Mama.

Mama alifurahi kama mtoto siku ya Krismasi. Nikimpigia simu, hata shikamoo yangu haiitikii vizuri, anadakia, "Marahaba, kibali kimetoka?"

Hatimaye faili likafika hatua ya mkaguzi kuja kukiona kiwanja. Kazi yake ilikuwa ndogo: ahakikishe bikoni, yale mawe ya zege ambayo mpima ardhi huyafukia kwenye pembe nne, ziko mahali pake. Mama alikuwa ameteremka siku mbili kabla, eti aje apalilie majani, mkaguzi asikute pori. Tulipofika alikuwa anatungoja na kitenge chake cha kanisani.

Bikoni hazikuwepo. Kila pembe palisimama isale, bichi, limemwagiwa maji.

Kwetu uchagani mpaka ni isale. Ni mmea wa kawaida tu, una majani marefu, lakini ukishapandwa hakuna mwenye akili timamu atakayeung'oa. Mama alikuwa ameyatoa masale yale kihambani, akayafunga kwenye majani makavu ya mgomba, akaja nayo. Jirani alinisimulia baadaye kwamba alichimba ameketi chini kabisa, miguu ameinyoosha, kwa sababu magoti hayakunjiki. Pembe moja, anajiburuza, pembe nyingine.

"Jiwe mtu analihamisha tu, baba," alimweleza mkaguzi, anatabasamu. "Isale nani atathubutu?" Akatuonyesha zile bikoni, ameziosha, amezipanga pembeni. "Hizi nimewawekea. Zitafaa kwenye msingi."

Mkaguzi alikuwa mtu mstaarabu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia taratibu kwamba bila bikoni hawezi kusaini. Lazima mpima aitwe upya, na faili lirudi nyuma.

Nililipuka. Nilimfokea mama yangu mbele ya mkaguzi na majirani. "Nani alikutuma? Miezi yote hii nahangaika, umekuja kuniharibia kwa siku moja! Baki na ushamba wako huko huko mlimani!" Haki ya Mungu niliyasema hayo, kwa mdomo huu huu. Mama alishika kitenge chake, akatazama chini.

Kesho yake asubuhi alikuja dukani. Hakukaa. Alinipa mkono wa kulia, na mkononi kulikuwa na jani la isale amelipiga fundo. Mchagga yeyote anajua maana yake: unaombwa msamaha, na ukiletewa isale hukatai, hata kama umeuliwa ndugu. Na kwa kawaida mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Sijawahi kusikia mama akimpelekea mwanawe.

Sikulipokea. Nilikuwa na suruali ya mteja kwenye cherehani, nikaendelea kukanyaga. "Mama, mimi nataka bikoni, sitaki majani."

Akaliweka juu ya meza, kwenye vipande vya vitambaa, akaniambia niwe na kazi njema. Akarudi Uru.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Aliteleza kwenye ule ule mteremko, anatoka kuwakatia mbuzi majani, akavunjika nyonga. Hospitali alikaa wiki mbili. Kila jioni nilimpelekea mtori, nikamlisha kwa kijiko, na kila jioni aliniuliza kama kibali kimetoka. Nikamjibu bado, mama, mpima ameshakuja. Habari ya jani hakuitaja, na mimi nikaona haya kuanza; nilijiambia tutaongea akiwa nyumbani. Nyumbani alirudi kwenye jeneza.

Kibali kilitoka baada ya arobaini yake. Yule mkaguzi mwenyewe alinikabidhi, akasema hongera dada, sasa jenga. Nilifungua ramani kwenye benchi pale nje. Muhuri wa ofisi walikuwa wameupiga juu ya Chumba cha Mama.

Nilikimbia dukani kulitafuta lile jani. Nilipekua meza, nikapekua mfuko wa vitambaa, nikapiga magoti chini ya cherehani. Nilikuwa nimeshafagia zamani.

Nikapanda Uru. Pale kihambani, nyuma ya kaburi lake, nilikata isale, nikalipiga fundo kama lile aliloniletea. Lakini isale halitupwi chini wala haliachwi mahali. Lazima unayemwomba alipokee kwa mkono wake. Nilisimama pale nimeunyoosha mkono mpaka ukachoka.