Mvua Niliyoitunga Kishanda

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nikiomba niisahau. Kwa kuwa umepata nafasi ya mafunzo kule hifadhini, kuchunguza mabadiliko ya tabianchi, afadhali uisikie kwangu kabla hujaondoka.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na ugonjwa tuliouita Juliana, ndio huu UKIMWI, ulikuwa unafagia nyumba kwa nyumba. Nami nilikuwa kijana kama wewe, nikijifunza kazi katika msitu wa hifadhi karibu na Kishanda. Aliyenifundisha ni mlinzi wa msitu, mzee tuliyemwita kwa heshima Ta Rwegasira. Kila asubuhi tulipima mvua na kina cha chemchemi, tukaandika daftarini. Wazee walikuwa wakilalamika kwamba tangu miti ianze kukatwa, mvua imepotea njia.

Basi binti yake akafariki kule Kashozi. Ta akaenda msibani, akaniachia kazi mwezi mzima. Ujana ni moshi, mwanangu. Nilishinda Muleba mjini na wenzangu tukinywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, hata siku za yeye kurudi zilipokaribia nikanakili tarakimu za mwaka uliotangulia. Nilijiambia, nani atakufa kwa tarakimu?

Alirudi amekonda. Akaenda moja kwa moja penye kipimamvua, akakuta buibui wameziba mdomo wake kwa utando. Akafungua daftari.

“Mvua hii ilinyesha wapi?”

“Hapa hapa, Ta.”

Akalifunga daftari, akasema, “Nimetoka kumzika mwanangu. Miezi yote tulisema ni malaria, mara karogwa, tukaogopa kuutaja ugonjwa wenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe unauficha ugonjwa wa msitu huu? Nenda ofisini ukaseme kweli kabla hawajakaa kikao cha vibali vya miti.”

Sikwenda. Niliogopa kunyimwa cheti cha mafunzo. Yeye wiki ile ile aliugua, hakuinuka tena kitandani. Kikao kikasoma daftari langu, kikaona mvua haijapungua, kibali cha kukata miti kikaongezwa. Chemchemi ilikauka, na mama yangu mzazi akazeeka akipanda kilima na ndoo ya maji kichwani.

Kwenye maziko ya Ta nilibeba jeneza. Mjane wake, Ma Koku, akanishika mkono mbele za watu: “Asante, mwanangu, ulimsaidia kazi yake.” Nikainamisha kichwa. Cheti nilikipata, sijawahi kukitundika ukutani.

Usipokwenda kupima, andika kwamba hukwenda. Ukikosea, kiri siku hiyo hiyo, maana uliyemkosea huenda asikusubiri. Wala usidhani uongo mdogo hauna wa kuubeba. Utabebwa na mtu usiyemjua, au na mama yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde msituni na mjini, akupe ulimi usioogopa, uturudie salama, utukute wote tu hai.