Kiti cha Nyuma

Asubuhi hii kijana mmoja ameserereka na gari lake kwenye kona ya chini, na harufu ya tairi lililoungua imenifuata hadi jikoni.

Kaka yangu alikuwa na gari la Kijapani la milango miwili, alilolipenda kuliko kula. Alikata springi ili lilale chini, akang'oa kiti cha nyuma ili liwe jepesi. Jumapili baada ya ibada alilizungusha kwenye uwanja wa kando ya ziwa, vumbi likitufunika tuliokuwa tukishangilia. Kile kiti kiliwekwa barazani. Mama alikikalia akichambua dagaa, akisema, "Gari gani hili linajua kwenda ubavu tu!" Kaka akicheka.

Siku Mama alipozidiwa hapakuwa na gari lingine. Tulimlaza nyuma, kwenye bati tupu lililotandikwa vitenge, nikampakata kichwa. Njia ya kushuka kilimani kwetu ni mawe matupu. Kila jiwe lilipogonga chini ya gari, Mama aligumia, na kaka akazidi kupunguza mwendo.

"Kimbiza, mwanangu," Mama alisema.

"Nikikimbiza utaumia, Mama."

Tulifika hospitali tumechelewa.

Jioni, shangazi zangu walipokuwa wakitandika mikeka ya msiba, kaka alibeba kile kiti kutoka barazani, akakiingiza garini, akaanza kukifunga, nati moja moja. Hakuna aliyemwambia aache.