Chetezo Kilichopakwa Rangi Kila Idi

Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kukagua vyombo vya udongo, nyuma ya soko la Lodwar, enzi zile alipokuwa akiwauzia vitu vya kale wageni waliopita wakielekea ziwani. Kwanza unakigonga chombo kwa kifundo cha kidole. Kikilia vizuri ni kizima. Kikitoa sauti kavu kina ufa, hata kama huuoni. Kisha unapitisha kidole ukingoni kutafuta pengo. Mwisho unalowesha kidole gumba kwa mate na kusugua maua yake. Rangi ya zamani haitoki, alikuwa akisema; inayotoka ni ya juzi. Nazikumbuka mno asubuhi zile, yeye akinitazama kwa jicho la pembeni, akisubiri nikosee ili acheke. Alipofariki nilirithi biashara, na majivuno yake yote nikayarithi pia.

Miaka michache iliyopita alinipigia simu bibi mmoja wa Kisomali aliyekuwa akiishi kambini Kakuma. Yeye na familia yake walikuwa wamepata safari ya kuhamia ng'ambo. Alikuwa na chetezo cha udongo cha kufukizia ubani, alichoachiwa na mama yake, na aliogopa kitavunjika ndani ya mizigo. Alitaka kukiacha kwa mtu atakayekijali. Bei si neno, akaniambia.

Nilikikuta juu ya mkeka, kimekung'utwa majivu. Jirani yake, mama wa Sudan Kusini, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Kilikuwa kizuri kupita vyote nilivyowahi kushika: kiuno chembamba, vitundu vya kutolea moshi, na maua mekundu na meupe yaliyochorwa kwa ncha ya kidole. Nilikitamani palepale, ila nikajikaza uso. Nikakigonga, kikalia. Nikapitisha kidole ukingoni, hakuna pengo. Nikalowesha kidole gumba, nikasugua ua moja, na ua lote likatoka.

Sikujipa hata muda wa kufikiri. Nilimpa pole kwa sauti ya kitaalamu, nikamwambia kwamba huenda mama yake alidanganywa, kwamba chombo hiki ni cha juzi na hakina thamani.

Bibi hakukasirika. Alikichukua mikononi mwangu, akapatazama pale palipokuwa na ua.

"Hii rangi mimi napaka kila Idi," akasema. "Mama yangu alipaka, mimi napaka juu ya yake. Udongo ni ya zamani. Rangi ni ya mwaka huu."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kwao, siku moja kabla ya Idi, wanawake wa nyumba husaga udongo mwekundu na chokaa, kisha hupaka kwa kufuata michoro ileile. Walifanya hivyo walipokuwa kwao, wakafanya hivyo miaka yote ya kambini, hata Idi ambayo hawakuwa na nyama.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Niliomba radhi, nikaapa kwamba sitakiuza kamwe, nitakitunza nyumbani kwangu. Nilisema mengi, na kila neno nililisema kwa moyo. Akanimiminia chai.

"Wewe utakifungia kwa kabati," akasema.

Alikuwa amenisoma vizuri. Kabati lenyewe nilikuwa nimeshalichagua.

Yule jirani akaweka mboga kando. Akamuuliza kama udongo ule unachanganywa na maji au na mafuta. Bibi akamjibu kwamba ni maji, na gundi ya mti kidogo. Jirani akatafakari.

"Sisi hatuna Idi, mama," akasema. "Mimi itapaka Krismasi."

Bibi akainuka kwa shida, akamwekea chetezo mapajani, kisha akakigeuza mpaka upande nilioufuta ukamwelekea.

"Anza na hapa," akamwambia.