Saa za Daftari la Kimbiji

Nilipoanza kazi ya upimaji, msimamizi wangu wa kwanza alinipa kalamu mbili. Nyeusi, alisema, ni ya kipimo ulichokichukua mwenyewe. Nyekundu ni ya kipimo ulichopewa na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mimi. Sasa nina umri wa miaka sitini na mmoja, thelathini kati ya hiyo nimeitumia kupima ardhi na pwani, na sijapata sababu ya kuiacha desturi hiyo. Msomaji aelewe basi tangu mwanzo kwamba katika haya ninayoyaandika yapo niliyoyaona na yapo niliyoyasikia, na kwamba sitayachanganya.

Kwa wino mweusi: barua ya kupunguzwa kazi nilikabidhiwa siku ya Ijumaa, baada ya chai ya saa nne. Ilikuwa na aya tatu, na ilitaja mabadiliko ya muundo wa kampuni. Kwa wino mwekundu: kwamba kiti changu kilipewa mtaalamu kutoka ng'ambo. Hilo niliambiwa na watu sita, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwona mtaalamu huyo akiwa amekikalia. Mwezi uliofuata nilirudi kuchukua vyeti vyangu, nikachungulia. Kiti hakikuwapo kabisa. Mahali pake palikuwa na mashine ya fotokopi. Wageni walikuwapo, watatu, katika chumba cha pili, wakifanya kazi ambazo wenzangu wawili walikuwa wakizifanya. Hilo nalo ni la wino mweusi, na sitalificha kwa sababu tu linauma.

Nyumba yetu iko Kimara. Sikuwa na dhiki. Ujenzi ulikuwa umekamilika, watoto walikuwa wakijitegemea, na mke wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa na matuta ya mchicha aliyoyapenda kuliko wanafunzi wake wote. Asubuhi nilimwagilia upande wa kushoto, yeye upande wa kulia. Nilichokikosa ni kazi yenyewe. Nilikuwa nikijikuta nimesimama barabarani nikikadiria kwa macho ni kiasi gani uzio wa jirani umeingia katika njia. Nilitaka kupima tena, angalau mara moja, kitu ambacho mtu angejenga juu yake. Kwa miaka miwili nilipeleka maombi kumi na manne. Nilijibiwa mawili.

Ombi la kumi na tano lilikuwa la kampuni iliyokuwa ikijiandaa kujenga gati dogo Kimbiji, na iliyotangaza nafasi ya mpimaji wa pwani. Habari hiyo niliifikisha kijiweni kwetu, penye benchi mbili na muuza kahawa, ambapo tulikutana sisi tuliopunguzwa. Mwenzangu wa karibu hapo alikuwa mkemia wa kiwanda cha sabuni, mtu anayenizidi miaka miwili, na ambaye ndiye aliyenipachika jina la Hakimu.

"Hakimu, usijisumbue," alisema. "Nimesikia pale wameshaleta watu wao. Tangazo ni la kutimiza sheria tu."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa shemeji yake dereva wao."

"Dereva mwenyewe amesema nini?"

"Dereva sijaongea naye."

"Basi hujasikia. Umesikia kwamba kumesikika."

Benchi zote mbili zikacheka. Mkemia akaweka kikombe chini. "Haya bwana. Ukirudi mikono mitupu, kahawa ya wiki nzima ni juu yako. Ukirudi na kazi, mimi nitakuamkia shikamoo, na miaka yangu yote hii."

Fomu ya maombi ilikuwa ya mtandaoni. Penye uzoefu wa kazi niliandika miaka thelathini, ikanikatalia. Nikajaribu tena, ikanikatalia tena. Nilimpigia simu afisa aliyehusika, binti mwenye sauti ya haraka.

"Shikamoo mzee wangu. Sio mie, ni sistimu. Mwisho wake ishirini na tano. We weka ishirini na tano tu."

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Uongo gani, mzee? Kwani hukupitia hapo kwenye ishirini na tano?"

Niliitafakari hoja hiyo, nikaiona haina kasoro, nikajaza. Baada ya siku nane niliitwa kwenye usaili.

Niliondoka Kimara alfajiri, na saa tatu nilikuwa Kimbiji, viatu vikiwa na tope la njia ile. Ofisi ilikuwa kontena lenye baraza ya mbao. Mhandisi mkuu alikuwa mgeni, wa umri wa mwanangu wa kwanza. Nchi yake sitaitaja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza halikuwa na uraia. Tulizungumza Kiingereza, na maneno yake ninayaandika kwa tafsiri yangu mwenyewe.

Alikuwa na adabu. Aliniambia kwamba nafasi ile haipo tena. Kwa miezi mitatu walikuwa wakiandikisha kina cha maji kila saa, kwa kutumia ubao mrefu wenye alama uliosimikwa baharini, na vipimo vyao havikuwahi kukubaliana na jedwali la bandari. Jedwali likisema maji yamejaa, daftari linasema yamekupwa. "Ama bahari ya hapa haina nidhamu," alisema, "ama msomaji wetu wa ubao anatunga." Mkataba wa msomaji huyo ungevunjwa mwisho wa wiki, na mtaalamu angeletwa kutoka kwao pamoja na vyombo vyake. Akanipa maji ya kunywa, akaniambia gari la kurudi mjini lingeondoka mchana.

Nikaketi barazani. Sitadai kwamba nilikuwa nimetulia. Nilihesabu misumari ya sakafu ya baraza, nikafika arobaini na mbili.

Ndipo akaja mama mmoja wa hapo Kimbiji, kanga mbili, na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ndiye msomaji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Mie sijambo, ila humu ndani wananiita mwongo." Akakaa na kuondoa mchanga miguuni. "Naandika nilichokiona. Kama maji yamekosea, wayaite maji wayahoji."

Nilimpenda papo hapo, kama mpimaji anavyompenda mpimaji. Nikamwomba daftari. Mwandiko ulikuwa safi, bila kufuta mahali, na safu ya saa ilikuwa na tarakimu tupu: 12, 1, 2, 3, na kuendelea mpaka 12 nyingine.

"Unaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, jua likichomoza. Namaliza saa kumi na mbili, jua likitua."

"Na usiku?"

"Usiku nalala, baba. Ingawa yule bwana kila mwezi ananipa betri."

"Betri za nini?"

"Za tochi. Kanipa tochi kubwa kama ya polisi. Akinipa betri ananishika mkono kwa mikono yake miwili, ananitazama kwa huruma. Mie nasema ahsante. Namulikia kuku."

Nikalifunga daftari. Mhandisi alikuwa ameisoma kumi na mbili ya kwanza kuwa ya adhuhuri, na ya mwisho kuwa ya usiku wa manane. Kwa miezi mitatu aliamini kwamba mama huyu anasimama ufukweni gizani akiyamulika maji, naye kwa heshima akamletea betri. Vijana wetu wa ofisi ile, walioingiza tarakimu hizo kwenye kompyuta, nilivyoambiwa baadaye, waliletewa karatasi ambazo mhandisi alikwisha kuzipanga kwa saa zake. Daftari lenyewe hawakuliona. Kosa lilikuwa la saa sita. Lingekuwa la saa mbili au tatu, mtu angelishuku mara moja. Lakini saa sita na dakika chache ndio muda ambao maji huhitaji kutoka kujaa mpaka kupwa, na kwa hiyo kosa lilitokea likiwa na sura kamili ya bahari, ila bahari iliyogeuzwa.

Hata hivyo, mpaka hapo nilikuwa na maneno ya mama na tarakimu za mama. Wino mwekundu. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikamwomba anipeleke kwenye ubao. Kilikuwa kipindi cha bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na mwamba ulikuwa wazi mbali sana. Tulikwenda kwa miguu karibu mpaka chini ya ubao wenyewe. Saa nne na nusu asubuhi nilisoma sentimeta thelathini. Nikafungua jedwali la bandari nililokuja nalo mkobani. Lilisema maji yangekupwa kabisa wakati huo huo, kwa tofauti ya dakika tano.

Tulirudi ofisini tukiwa tumelowa mpaka magotini. Sikumpa mhandisi hotuba. Nilimwomba tu anyooshe mkono wake wenye saa kuelekea kwa mama.

"Mama, saa ngapi hapo?"

Akainama, akatazama. "Saa tano kasorobo."

Nikamtafsiria. Mhandisi akaitazama saa yake, ambayo kwake ilisema kumi na dakika arobaini na tano. Akamtazama mama. Akalichukua daftari, akafunua ukurasa baada ya ukurasa.

"Kwa hiyo usiku wa manane hakuwa ufukweni?"

"Alikuwa amelala."

"Na betri?"

Nilimuuliza mama mwenyewe, kwa kuwa jibu halikuwa langu. "Mwambie kuku wanamshukuru," alisema mama, nami nikalitafsiri kama lilivyo.

Mhandisi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha niliona uso wake ukibadilika; nadhani ndipo alipokumbuka ule mkataba aliotaka kuuvunja. Akasimama. "Samahani, mama," alisema, kwa Kiswahili chake kichache. Mama akamjibu kwamba yamekwisha, akaomba chai.

Sikuona sababu ya kujivuna, na nikamweleza kwa nini. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, profesa wangu alinialika chakula cha jioni, saa mbili usiku kwa hesabu ya kwetu. Niliandika "saa 2" katika kijitabu changu, kesho yake nikaisoma kwa hesabu ya wenyeji, nikagonga mlango wao mchana kweupe, nimefunga tai. Mke wa profesa alikuwa anamenya viazi. Alinipa kisu, nikamenya naye. Kosa lile nilikuwa nimelifanya kabla mhandisi huyu hajazaliwa, na sidhani ningeliona katika daftari kama nisingekuwa nimelibeba miaka yote hiyo.

Mhandisi hakusema kwamba amenipa kazi. Aliniuliza kama ningeweza kuyapitia madaftari yote ya miezi mitatu, kuyasahihisha, na kusimamia usomaji mpaka michoro ikamilike. Nikasema ninaweza. Akauliza lini. Nikasema miguu ikikauka. Mkataba wa miezi sita ulitayarishwa na yule binti wa sauti ya haraka, na penye uzoefu alikata ishirini na tano kwa kalamu, akaandika thelathini kwa mkono wake. "Umefurahi sasa, mzee wangu?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba fomu imekuwa sahihi.

Nilipofika kijiweni Jumamosi, habari zilikuwa zimenitangulia.

"Nimesikia umewafukuza wageni wote," alisema mkemia.

"Kwa nani?"

"Kwa shemeji yake dereva."

Nikamweleza yaliyotokea, bila kupunguza wala kuongeza: kwamba mhandisi yupo, kwamba sikumfukuza mtu, na kwamba bila ya mama wa Kimbiji nisingekuwa na la kusema. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akavua kofia mbele ya benchi zote mbili, akasema kwa sauti ya mtoto wa shule, "Shikamoo, Hakimu." Nikaitikia marahaba, na kahawa nikalipa mimi.

Yeye mwenyewe bado hajapata kazi. Hilo ninalijua, kwa sababu ninamwona kila Jumamosi. Wiki iliyopita nilimpelekea tangazo la maabara moja ya maji. Alijaza fomu tukiwa pamoja, na penye uzoefu akaandika ishirini na tano bila kuulizwa. Inasemekana wataita watu mwezi ujao. Inasemekana pia kwamba gati litaongezwa urefu, na kwamba mkataba wangu nao utaongezwa. Mke wangu ameanza kumwagilia mchicha wa pande zote mbili, na anasema umestawi zaidi tangu nilipouacha. Haya yote yamo daftarini mwangu kwa wino mwekundu, isipokuwa la mchicha, ambalo nimelikagua.

Jana alasiri nilisimama ufukweni pamoja na yule mama, kila mmoja na darubini yake na karatasi yake, kwa kuwa nimeagiza kila usomaji uchukuliwe na watu wawili wasioambizana. Katika safu ya saa siku hizi mama huandika "alasiri" kwa kirefu, kisha saa ya kwetu, kisha saa ya mhandisi. Maji yalipoacha kupanda tulisoma, tukaandika, tukabadilishana karatasi. Yake ilisema mita tatu na sentimeta kumi. Yangu ilisema mita tatu na sentimeta kumi. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, na niliiandika kwa wino mweusi.