Mkongojo wa Mfalme

Mwalimu wetu wa Biblia hapa mtaani Berea hatembei, anahama kutoka kiti hadi kiti. Tangu goti lilipomsaliti, mkono wake wenye vumbi la chaki hushika mgongo wa kiti hiki, kisha kile, huku akikohoa ili tusione anavyochechemea. Lifti ya jengo imekufa, naye anakaa ghorofa ya nne. Mkongojo alionunuliwa na mkewe, Léocadie, kauficha nyuma ya mlango. Kila akishuka, mkewe husimama mlangoni akiogopa kusikia kishindo cha mtu kuanguka. “Fimbo ya uzee sishiki,” mwalimu hunguruma. “Labda ya enzi.”

Jumapili akatuandikia ukutani jina la hiyo fimbo ya enzi kwa Kigiriki. “Skeptron. Wingi wake skeptra.”

“Si maskeptroni?” nikauliza. Watu wakacheka. Shule niliiacha ingali tamu, lakini kwa maswali hanipati mtu. “Na maana yake hasa, Mwalimu?”

“Kwanza kabisa, kitu cha kuegemea. Limetoka kwenye kitenzi cha...” Chaki ikasimama hewani.

“Ala! Kumbe wafalme nao walianza na mkongojo?”

Akanitazama kama anayetaka kunitwanga, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. “Eish, tonton, mjomba wangu, umeniweza.”

Siku hizi ngazi zinalia ko, ko, ko, na Léocadie anaendelea kukaanga samaki wake, hasimami tena mlangoni. Nami nikipishana na mwalimu nampigia saluti: “Shikamoo, mfalme!” Ananyanyua fimbo kunitisha, halafu anaiegemea.