Pembe ya Saba

Nilisoma chuo kikuu miaka mitano, nikarudi Bunia na lisansi, shahada ya fasihi, na kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa ilikuwa kutoa sauti moja. Si wimbo. Sauti moja tu, kwa kupuliza pembe ya mti, kila inapofika zamu yangu. Nilishindwa kwa siku tatu.

Walionipa kazi hiyo walikuwa jamaa ya wapiga pembe waliokwama katika kiwanja chetu wakati wa vita. Hawakuwa na kijiji. Zamani walizunguka: Mongbwalu kwa wachimba dhahabu, Aru siku za soko, Bogoro mtu akioa, wakilala popote walipopewa nafasi. Walijua nyimbo za kila kabila, na kwa sababu hiyo vita vilipoanza hakuna kabila lililowahesabu kuwa wake. Sisi wengine tulikuwa na upande wa kukimbilia, hata kama upande wenyewe ulitutia aibu. Wao walikuwa na barabara tu, na barabara ilikuwa imefungwa.

Mimi familia yangu ilikuwa imeniacha nilinde nyumba, kwa kuwa waliona sina la kufanya. Waliona vizuri. Shule niliyokuwa nikifundisha ilifungwa, madawati yakawa kuni.

Kiongozi wa wapiga pembe wale alikufa kwa homa msimu wa mvua. Njia ya makaburini haikupitika siku ile kwa sababu ya risasi, tukamzika nyuma ya nyumba, kando ya mihogo ya mama yangu. Mkewe alikaa pale miezi mingi bila kusema lolote kuhusu kuondoka. Kisha asubuhi moja akaja mlangoni kwangu akiwa amefunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kazini.

"Mwalimu, barabara ya Aru imefunguka. Kamyo inaondoka siku ya ine, saa nane ya muchana. Ikifungwa tena, siye tutakufa hapa."

"Basi pandeni lori hilo mwende, Mama."

"Tunaenda namna gani? Bwana yangu bado hatujamuchezea."

Ndipo nilipoelezwa desturi yao. Hawaachi kaburi nyuma kabla ya kulizunguka mara saba kwa pembe zote saba. Kila pembe ina sauti yake moja. Wimbo hutokea sauti hizo zikifuatana, mtu baada ya mtu. Kila mzunguko huongozwa na pembe tofauti, na wa mwisho huongozwa na pembe ya marehemu. Pembe hiyo ndugu yake haruhusiwi kuipuliza kaburini. Hupulizwa na mwenye kiwanja alimozikwa, ili abaki mtu mmoja anayemjua. Wimbo ukikatika, unaanza upya.

"Mwenye kiwanja ni mama yangu," nilisema, "naye yuko Kampala."

"Mama yako hayuko. Weye uko."

Nilifanya kile ambacho msomi hufanya akiogopa: nilichukua kalamu. Nilikaa uani nikawasikiliza wale sita, mjane, binti zake wawili, shemeji zake wawili na mke wa mmoja wao, nikachora jedwali. Pembe ya kwanza hapa, ya pili hapa, yangu kwenye hesabu ya kumi na mbili. Lilikuwa jedwali zuri. Nikalibandika ukutani, nikapuliza huku nikihesabu kimoyomoyo kwa Kifaransa, *dix, onze, douze*, na sauti yangu ikatoka kama ng'ombe aliyechelewa kurudi zizini.

Shemeji mkubwa alicheka mpaka akaketi. "Mwalimu, uko unahesabu?"

"Nahesabu, ndiyo."

"Unahesabu nini? Siye hatuna hesabu."

"Sasa mnajuaje zamu imefika?"

"Muguu," alisema, kana kwamba ameniambia jua liko juu. "Unasimama pale, uko mulingoti ya bendera. Cheza! Muguu wa kushoto ukigusa chini, pembe yako inasema yenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa shida yangu yote. Sikuwahi kucheza. Kwenye harusi nilikuwa yule anayeshika makoti ya wenzake. Binti mdogo alinivua viatu, akaniweka nyuma yake, akaniambia nitazame visigino vyake nisitazame ukuta. Siku ya tatu jioni nilipata mara nne mfululizo. Mjane hakunisifu. "Kesho utapata zote," alisema, nami sikuona kama alikuwa anauliza.

Tulianza saa tatu asubuhi, mchana kweupe, ili asiwepo wa kudhani tunaita vita. Hata hivyo ilikuwa hatari. Miaka ile wimbo ulikusaliti haraka kuliko kitambulisho, kwani kitambulisho unaweza kukificha kwenye kiatu. Tulikuwa mzunguko wa tano vijana watatu wenye bunduki walipoingia kwa upande wa mihogo. Pembe zikanyamaza.

"Hii luimbo iko ya batu gani?" aliuliza mmoja wao.

Hakuna jibu zuri la swali hilo. Nilianza kulitafuta, kwa sentensi ndefu. Mjane akanipita.

"Iko ya bwana yangu. Analala hapa chini. Inama umuulize kabila yake."

Kijana alitazama kaburi, akatazama miguu yangu mitupu. "Na huyu?"

"Huyu anajifunza. Musikie anavyopuliza. Hata adui hawezi kumutaka."

Mwenzake mmoja akacheka, na kicheko hicho kikatuokoa. "Malizeni mbio," alisema, wakatoka kwa njia ya mbele.

Niliinua pembe yangu tuendelee na wa tano. Mjane alikuwa amesharudi mahali pa kuanzia.

"Mama, umebaki huu na mingine miwili tu!"

"Ilikatika."

"Kamyo haitatungojea."

"Itangojea ao haitangojea. Siwezi kumuacha na nusu. Wa kwanza!"

Tukaanza wa kwanza. Mdomo wangu ulikuwa umevimba na jua limepanda. Mzunguko wa sita dereva alipiga honi kutoka barabarani, akapiga tena, na hakuna aliyegeuza kichwa. Kisha ukaja wa saba, wote wakanyamaza wakiningoja mimi. Sikuhesabu. Mguu wa kushoto uligusa ardhi iliyomfunika mtu yule, nikapuliza, nao wakanijibu mmoja mmoja mpaka tukarudi pale tulipoanzia.

Mjane alichukua pembe mkononi mwangu, akaifuta mate yangu kwa kanga.

"Vibaya," alisema. "Lakini imefika."

Walipakia mizigo huku jasho likiwatoka. Dereva alipiga kelele kwamba mizigo yote ni juu, pamoja na wenyewe.

"Miye juu," mjane alimjibu, "pembe ndani, na weye."

Walibishana hapo, dereva akitaja saa, yeye akiwa amesimama mbele ya mlango wa kabini bila kusogea. Kamyo iliondoka saa nane na nusu. Pembe zilikuwa kwenye kiti kando ya dereva, na mjane juu ya magunia pamoja na binti zake, akitazama upande wa Aru.