Guka wangu alikuwa anayatunza meno mapya yasichakae

Wakuu, salamu kwa wenye meno yote na kwa wenye mapengo. Haya nayaandika bila chumvi, maana mwenyewe ameketi hapa kando yangu, anakunywa chai.

Guka, yaani babu yangu, aliendesha lori maisha yake yote, na alipostaafu akabaki Mai Mahiu. Barabarani aliogopa kitu kimoja tu: mizani ya kupima mzigo.

Mwaka jana tulimnunulia meno bandia. Alijitazama kwenye kioo kama mtu aliyerudishiwa uso wake.

Kisha akaanza kuyatunza.

Aliyavaa kanisani na kwenye mazishi. Chakula kikija, anayatoa, anayafunga kwa leso, anayatia mfukoni, anakunywa uji. "Meno mapya hayachafuliwi na mahindi na maharagwe ya githeri," aliniambia. Mnawajua wazee hawa: sahani nzuri ziko kabatini, wao wanakula kwa za plastiki.

Kila Jumapili koti lake lilizidi kuwa kubwa. Nesi wa clinic hakuzunguka: mzee asipokula maharagwe, nyama na mboga, ataanguka na asiamke.

Tulimsihi. Cucu, mke wake, akalia. Wapi!

Ndipo nikajaribu lugha yake. "Guka, lori ikiegeshwa miezi sita bila kuwashwa, inakuwaje?"

Akafikiri. "Betri inakufa."

Asubuhi nikamkuta kwa gate, meno yako mdomoni, anatafuna hewa.

"Guka, ni nini?"

"Napasha injini. Usiniongeleshe."

Majirani wanamsalimia, yeye anatafuna tu. Wiki ya pili nikamwambia lori tupu haijulikani nguvu. Akapakia ndizi. Kisha maharagwe. Kisha, wakuu, nyama ya mbuzi, akiitafuna polepole kama anayepanda mlima wa escarpment kwa gia ya kwanza. Cucu alisimama mlangoni na mwiko wake.

Jana tulirudi clinic. Akapanda mizani.

"Guka, umeongeza kilo nne!" nesi akafurahi.

Mzee akaruka chini, jasho linamtoka. "Madam, usiandike. Tuongee kando. Nitashusha zingine hapa hapa."

Nilichojifunza: meno ni ya kulia, na mzee ukitaka akuelewe, uliza kwanza alifanya kazi gani.

Wenu mliwashawishi vipi? Na anayejua kumweleza dereva kwamba kilo nne si overload aandike upesi. Amekataa lunch, na ile leso ya meno ameanza kuikunjua.